Nani Alikosa Mpaka Mtoto Akaumwa?



Leo nawaandikia kutoka nyumbani, Maneromango, Wilaya ya Kisarawe. Niko hapa tangu matokeo ya kidato cha sita yalipotoka mwaka jana. Nilisoma PCB na ndoto yangu ni udaktari. Fizikia ilinibeba kidogo, lakini Kemia na Baiolojia ziliniangusha, na kwa mtu anayetaka kusomea udaktari hakuna ujanja wa kukwepa hata moja kati ya hayo matatu. Basi, narisiti. Mwezi wa tano nitaingia tena kwenye chumba cha mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Kinachonichoma kuliko hata matokeo ni jina. Tangu niko kidato cha nne, hapa kijijini wananiita "Dokta". Matokeo yametoka, jina limebaki. Nikienda dukani kununua sukari naambiwa, "Karibu, Dokta." Natabasamu, lakini moyoni, aisee, acheni tu.

Ratiba yangu ni hii: asubuhi shamba la mihogo na mama, mchana chini ya mkorosho na madesa yangu, usiku napiga msuli mpaka saa sita. Mada mbili ndizo zilizonimaliza mara ya kwanza: jenetiki, na kemia ya kaboni, ile tunayoiita oganiki. Safari hii nimeapa hazinimalizi. Nimechora miraba ya Punnett, ile ya kutafuta mtoto atarithi nini kwa wazazi wake, mpaka naiota usingizini.

Ni mraba huohuo ulionifikisha kwenye jambo ninaloomba tulitafakari pamoja leo.

Usiku wa kikao

Mama yangu mdogo anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ana watoto wawili walio hai. Wa mwisho ni wa kike, ana miaka saba, na ana selimundu. Wenye ndugu mwenye ugonjwa huu mnajua maisha yake: mifupa inauma, macho yanakuwa ya njano, damu inapungua mpaka anaongezewa. Huyu mdogo wangu akishikwa na maumivu usiku, kilio chake tunakisikia mpaka kwetu.

Mwezi wa pili alilazwa tena. Aliporudi, ndugu wa baba mdogo wakaitisha kikao. Tukakaa kwenye mikeka baada ya chakula. Maneno yalianza kwa upole, mara shangazi yake mtoto akasema lile alilokuja nalo: kwao ugonjwa huu haujawahi kuwepo, umeingia na mwanamke. Mwingine akashauri waende kwa mganga, wajue nani amewatupia. Mama mdogo alikuwa ameinama, kidole chake kinafuata mistari ya mkeka.

Damu yangu ikachemka. Lakini niseme ukweli, maana kosa langu liko hapa: haikuchemka kwa huruma peke yake. Kulikuwa na raha ndani yake. Miezi yote ile watu wananihurumia, na sasa limekuja swali ambalo mle ndani ni mimi tu niliyekuwa na jibu lake.

Nikafungua daftari, nikaomba mtu animulikie na simu. Nikachora mraba, nikaugawa visanduku vinne. Juu nikaandika herufi za baba, A na S. Pembeni herufi za mama, A na S. Nikajaza: AA, huyu mzima kabisa. AS, huyu haumwi ila amebeba. AS tena. Cha nne nikakizungushia wino mwekundu: SS.

"Mtoto hawezi kuwa hivi," nikasema, "mpaka apokee S moja kwa baba na nyingine kwa mama. Hakuna laana, hakuna mchawi. Imetoka pande zote mbili. Ni nyie wote wawili."

Kimya. Shangazi akavuta khanga yake. Baba mdogo akainuka, akatoka nje, hakurudi tena kikaoni. Nikadhani nimeshinda.

Ndipo mama mdogo akainua uso, akaniuliza taratibu: "Kwa hiyo, mwanangu, hata yule wa kwanza ni sisi tuliomuua?"

Yule wa kwanza. Alifariki kabla hajatimiza miaka miwili, mimi nikiwa darasa la pili. Alivimba mikono na miguu, akapata homa, akaenda. Nyumbani walisema degedege. Hakuna aliyewahi kumpima damu. Usiku ule, kwa mwanga wa simu, mama yake alimpima mwenyewe.

Sikuwa na la kumjibu. Asubuhi yake nilipopita kumjulia hali mdogo wangu, nikapata la pili. Kumbe usiku ule alikuwa macho, nyuma ya pazia, anasikia yote. Akaniuliza, "Mimi ndiye kile chekundu?"

Jibu sahihi, alama zote

Vijana wenzangu, nimelitazama jambo hili kila upande. Sikusema uongo. Mraba ule ningeuchora kwenye mtihani wa NECTA ningepewa alama zote. Sasa ukweli unawezaje kuumiza watu kiasi kile, tena watu niliotaka kuwatetea?

Jibu nililipata kanisani. Kigango chetu ni kidogo. Maneromango ina Waislamu wengi, na Walutheri wamekuwapo tangu mwishoni mwa karne ya 19, sisi Wakatoliki tunajaza mabenchi machache. Padre ana vigango vingi, kwa hiyo Jumapili nyingine tunakuwa na Ibada ya Neno na katekista. Jumapili ya nne ya Kwaresima katekista akasoma Yohana sura ya 9, habari za kipofu tangu kuzaliwa.

Nimeisikia Injili ile mara nyingi. Siku hiyo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Wanafunzi wanamkuta mtu kipofu njiani, na swali lao la kwanza si kwamba tumsaidieje, wala jina lake nani. Wanamuuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Wanamjadili naye yupo palepale, anasikia. Kama mtoto nyuma ya pazia.

Bwana anakataa majibu yote mawili. Hakuchagua yeye, hakuchagua wazazi. Anasema habari ya kazi za Mungu kudhihirishwa, halafu anainama, anatengeneza tope, anampaka macho.

Nikajiona. Kikaoni pale watu walikuwa wanatafuta mkosaji. Wao walisema ni mama. Mimi nikasema ni mama na baba. Nilidhani nimeleta sayansi, kumbe nilikuwa nimebaki kwenye swali lao lilelile. Niliongeza mshtakiwa tu, kesi sikuifuta.

Sababu na hatia

Hapa tutulie kidogo, maana wengi tunachanganya vitu viwili: sababu ya jambo, na hatia ya jambo.

Tulipokuwa mafundisho ya Kipaimara tulifundishwa kwamba ili dhambi iwe ya mauti yanahitajika mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue vizuri anachokifanya, na akubali kwa hiari yake. Sasa mpime mama mdogo na baba mdogo. Walijua? Hapana, hakuna aliyewapima hata siku moja. Waliamua S ipite badala ya A? Hapana. Hakuna binadamu anayechagua mbegu gani ikutane na yai gani. Wao ni sababu, kwa maana kwamba imepita kwao, kama ilivyopita kwa bibi na babu zao. Hatia hawana hata chembe.

Mwalimu wangu mkubwa wa jambo hili ni mtawa. Wengi mnamsoma darasani bila kuambiwa kwamba Gregor Mendel alikuwa Mwagustino, padre, katika mji wa Brno, na baadaye akawa abate wa monasteri yake. Na wenzangu mnaorisiti, jipeni moyo: mwaka 1850 Mendel alifanya mtihani wa kupata cheti cha ualimu, akafeli. Akajaribu tena mwaka 1856, hakufanikiwa. Mwaka huohuo akaanza majaribio yake ya njegere bustanini. Katika jaribio moja alihesabu mbegu 7,324: za duara 5,474, zilizokunjamana 1,850. Karibu tatu kwa moja. (Hiyo 1,850 sitaisahau, inafanana na mwaka aliofeli.)

Hakuna mnjegere uliofanya kosa ili mbegu yake ikunjamane. Ni kura. Tena kura hiyo haina kumbukumbu. Wengi tunadhani "mmoja kati ya wanne" maana yake ukizaa wanne mmoja ataumwa, watatu watapona. Sivyo. Kila mimba inapigiwa kura upya, kana kwamba hakuna iliyotangulia. Familia moja inaweza kupata wagonjwa watatu mfululizo, nyingine isipate hata mmoja, na zote zikawa na wazazi wa AS na AS.

Inakadiriwa kwamba nchini Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Kama ugonjwa huu ungekuwa adhabu, tungehitaji wakosaji wangapi?

Alichoniambia baba mdogo

Nilikwenda kuomba msamaha. Kwa baba mdogo kwanza, kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa namwogopa. Nilimkuta anafunga magunia ya mkaa. Nikampa shikamoo, nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dokta, ungeniita pembeni kwanza."

Maneno manne tu. Hakubishana na herufi zangu. Alichoniuliza ni kwa nini jambo la damu yake na la mtoto wake aliyezikwa alisikie mbele ya dada zake, kwa mdomo wa kijana aliyemwona akizaliwa. Nadhani nimejifunza udaktari kwenye maneno yale kuliko kwenye madesa yote.

Kwa mama mdogo ilikuwa ngumu zaidi. Nilimkuta jikoni anamenya mihogo, nikachukua kisu nikamsaidia. Nikamweleza tofauti ya sababu na hatia, kama nilivyowaeleza ninyi. Akanisikiliza, akatulia, halafu akasema, "Sawa, zamani hatukujua. Sasa tunajua." Akaweka mkono tumboni.

Ana mimba ya miezi minne. Mimi sikuwa na habari.

Ndugu zangu, hapo maelezo yangu mazuri yalifika mwisho. Maana ni kweli: kujua kunaleta wajibu ambao jana haukuwepo. Nilitamani kwa sekunde kadhaa nisingechora kitu chochote usiku ule. Je, si afadhali mtu asijue, abebe mimba yake kwa furaha?

Nimeliwaza sana swali hilo, na kilichonisaidia ni habari ya daktari mmoja Mkatoliki wa Ufaransa, Jérôme Lejeune. Zamani wazazi wa watoto wenye ugonjwa wa Down walinyoshewa vidole. Watu walihisi labda wana kaswende, labda wameishi vibaya. Mwaka 1959 Lejeune na wenzake, Marthe Gautier na Raymond Turpin, walitangaza kwamba watoto hao wana kromosomu moja ya ziada, ya 21. Mama akaweza kusimama mbele ya majirani. Ujuzi ulimwondolea fedheha.

Lakini ujuzi uleule, miaka iliyofuata, ukaanza kutumika kuwatafuta watoto hao tumboni ili wasizaliwe. Lejeune hakujuta kugundua. Alichofanya ni kusimama upande wa wagonjwa wake maisha yake yote, akawatibu, akawatetea hadharani, na heshima nyingi za dunia zikampita kwa sababu hiyo. Alifariki siku ya Pasaka mwaka 1994. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliidhinisha atambuliwe kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye fadhila za kishujaa, yaani Mwenyeheshima.

Kwa hiyo ujuzi wenyewe si dawa wala sumu. Inategemea unamtazama nani unapoushika. Ukiushika huku unamtafuta mkosaji, utampata, hata kama hayupo. Ukiushika huku unamtazama mtoto, utaona cha kufanya.

Basi siku nyingine nikarudi, safari hii sikuchora kitu. Nikamwambia mama mdogo: katika kura nne, tatu ni za mtoto asiyeumwa. Huo ni ukweli pia, na usiku ule niliupita mbio nikakimbilia ule mwekundu. Nikamwambia akishajifungua mtoto apimwe mapema, asisubiri avimbe mikono kama kaka yake. Mtoto mwenye selimundu akijulikana mapema anaanzishiwa penisilini ya kumkinga na maambukizi, anapata chanjo, anakingwa na malaria, na ipo dawa ya haidroksiurea inayopunguza maumivu. Pale Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake wamekuwa wakifuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utaratibu tangu mwaka 2004. Kuna njia. Wa kwanza hakuipata kwa sababu hakuna aliyejua.

Akauliza, "Na kwa nini Mungu ameiacha damu ya namna hii?"

Hapo nilimwambia ninachokijua tu. Himoglobini ina minyororo, na mmoja wake una asidi amino 146. Kwa mwenye S, ya sita imebadilika: mahali pa asidi ya glutamiki imekaa valini. Basi, moja kati ya 146. Vernon Ingram aliligundua hilo Cambridge mwaka 1956. Asidi ya glutamiki ina kundi la kaboksili linalopenda maji. Valini ina kaboni tatu pembeni, inakimbia maji kama mafuta. Oksijeni ikiondoka, himoglobini hizo zinashikana, seli inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo. Inapokwama ndipo mtoto analia. Miaka miwili nilikariri hayo makundi kama kasuku, sikujua kwamba nakariri kilio cha mdogo wangu.

Na kuna upande wa pili. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye AS anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana S imejaa kwenye nchi za mbu kama hii yetu ya Pwani. Nikamwambia mama mdogo: huenda kuna bibi yako alipona utotoni kwa sababu ya herufi hiyo, na wewe upo kwa sababu alipona.

Aliacha kumenya. Akasema, "Kwa hiyo si uchafu." Nikamwambia si uchafu.

Kwa nini kinga ya mmoja iwe maumivu ya mwingine, sijui. Sitajifanya najua. Mwenye SS kinga hiyo haimwokoi, malaria ikimpata ni hatari sana kwake. Nimelipeleka swali hilo kwenye Rozari yangu na bado liko huko.

Kwangu na kwako

Mdogo wangu naye nilimjibu. Nilimwambia hapana, wewe si kisanduku, mimi ndiye niliyekosea kuchora. Akasema basi nimchoree yeye. Nikamchora, ana mkoba wa shule. Ameubandika ukutani.

Mambo si mazuri yote. Shangazi mpaka leo hanisalimii. Baba mdogo amekwenda kliniki na mtoto mara moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, lakini sijui kama ataendelea. Mtoto anatarajiwa baada ya mtihani wangu, na hakuna anayejua kura imeangukaje.

Nami bado nataka kufaulu. Nasali kila usiku kwa Mtakatifu Yosefu wa Cupertino, msimamizi wetu sisi wa mitihani. Ila sala yangu imebadilika kidogo. Zamani niliomba alama. Sasa naomba alama, na naomba pia nikizipata nisizitumie kuwashinda watu kwenye mkeka.

Wewe unayesoma hii, jiulize wiki hii:

1. Ni nani nimemjadili mbele yake kana kwamba hasikii?
2. Ukweli ninaoujua, nausema ili nimsaidie nani?
3. Nikiona mtu anaumwa, swali langu la kwanza ni lipi?

Tusali. Ee Bwana Yesu, ulimwona kipofu wakati sisi tulikuwa tunatafuta mkosaji. Wahurumie wazazi wanaojilaumu kwa yale wasiyoyachagua. Wape nguvu watoto wenye selimundu usiku wa maumivu. Na sisi tunaosoma, utupe akili ya kufahamu, ulimi wa kungoja, na mikono isiyoogopa tope. Amina.

Niombeeni mwezi wa tano. Na mkiniombea mimi, mtajeni na mama mdogo.